Julai Si Mwezi wa Kupanda, na Mimi Ndiye Niliyewaambia Mpande

Wasee, kabla hamjaanza kunitagi tena kwa zile video za "Hakuna Kisingizio", wacha niseme kitu ambacho nimekikalia tangu 2023.

Mnazijua hizo video. Mtu amesimama mbele ya magunia matano ya sukuma wiki, majani yamenona, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, muziki wa taratibu nyuma. Anachuma jani moja, analivunja karibu na maiki ndio usikie vile linalia. Halafu anakukazia macho: "Kama uko na hata dirisha na bado unanunua mboga, huo ni uvivu wako." Laiki elfu nane. Kwa maoni watu wanajitukana wenyewe, "kweli bro, nimekuwa mzembe sana."

Nazichukia hizo video, na nimewahi kutengeneza moja.

Ilikuwa Julai 2023. Nilikuwa nimemaliza bando la wiki nzima nikiangalia bustani za watu wa Uingereza. Kwao Julai ndio jua lenyewe, kila kitu kinatoka ardhini kwa fujo: letusi, stroberi, nyanya za rangi tatu. Nikajiambia, sisi Voi tuna jua mwaka mzima, kwani shida iko wapi? Nikanunua magunia manne sokoni, nikaomba samadi kwa jirani anayefuga mbuzi, nikapanda miche ya sukuma na spinachi nyuma ya plot yetu Mwakingali. Nikapiga video miche ikiwa na siku tatu. Siku tatu, jameni. Nikasema mbele ya kamera kwamba kwa mwezi mmoja utasahau bei ya mboga. Hiyo ndiyo video yangu iliyofika mbali kuliko zote, hadi leo.

Septemba nikapata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Maungu. Alikuwa ameuza duka la mtu mwezi mzima, akachukua elfu moja mia nane kwa mshahara wake, akanunua magunia, udongo, mbegu na miche, akafuata video yangu hatua kwa hatua. Hakuwa anatafuta picha nzuri. Mamake alikuwa ameambiwa kliniki damu yake iko chini, aongeze mboga za majani. Kwa hivyo akaona afadhali apande kuliko kununua kila siku. "Kaka, yamekauka yote. Nilikosea wapi?"

Mnajua nilimjibu nini? "Hukumwagilia ya kutosha. Jitahidi dada, usikate tamaa." Na kalebo ka misuli.

Wakati naandika hayo, magunia yangu manne yalikuwa yamekufa wiki tatu zilizopita. Sikuwa nimeposti hiyo. Nani anaposti gunia la udongo mkavu?

Sasa tufanye hesabu ambayo hakuna video ya bustani huifanya. Gunia moja la mboga Voi mwezi wa saba, upepo ukivuma vile huvuma, linataka lita tano kwa siku, na hapo unalionea. Magunia manne ni lita ishirini, mtungi mmoja kila siku. Mfereji wetu ulikuwa unatoa maji siku moja kwa wiki, wiki nyingine hautoi kabisa, kwa hivyo tulikuwa tunanunua kwa mwenye mkokoteni, mbao kwa mtungi. Thelathini mara mbao ni mia sita kwa mwezi. Na nilikuwa navuna nini? Kabla vidukari havijaingia, mafungu mawili kwa wiki, yale ambayo mama mboga pale karibu na Caltex anauza mbao. Yaani mwezi mzima nilimwagia sukuma ya mia moja sitini maji ya mia sita. Mathe alinyamaza wiki mbili, halafu akauliza kwa upole, "Hiyo mboga unalisha, ama inatulisha?"

Mtu mwenye kisima na pampu akisema hakuna kisingizio, anaongea juu ya pampu yake. Ageuze basi kamera tuone tangi.

Na kuna ujanja mwingine ambao sisi wa kaunti hii tunaujua lakini tunanyamaza kwa sababu picha ni nzuri. Unapanda matatu hapa Voi, unapita Mwatate, unakunja kona zile hadi Wundanyi, na ndani ya safari fupi umebadilisha nchi. Voi iko chini, kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Huko juu milimani inapita 1,000, kuna ukungu asubuhi, kuna vijito, na wakulima wa Wundanyi na Werugha wamelisha Mombasa kabeji na sukuma tangu babu zetu wakiwa vijana. Sasa mtu anaenda kwa shangazi yake Wundanyi wikendi, anapiga video kwenye shamba la shangazi, anarudi Voi anaandika "Bustani yangu, Taita Taveta." Si uongo kabisa. Lakini msichana wa Maungu anaona "Taita Taveta" anadhani ni kwake. Maungu! Mahali ambapo hata mbuzi hula kwa ratiba.

Taveta nao wana migomba na mifereji ya maji yanayotoka upande wa Kilimanjaro. Wana haki ya kujigamba. Ila ndizi yao haikuhubirii wewe wa Birikani kwamba ni mvivu.

Tuongee juu ya kalenda basi, kwa sababu hapo ndipo nilipotelea. Shuleni tulikariri masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na tukaambiwa masika ndiyo mvua kubwa. Kwa Kenya nyingi ni kweli. Kwa Voi, mvua ya kutegemea ni ya vuli. Novemba na Desemba ndio miezi yetu. Ile ya Aprili huja ikitaka, na mara nyingi inakuonyesha mawingu juu ya mlima Sagalla, inakunyeshea siku mbili, inaenda zake. Kisha kuanzia Juni hadi Oktoba ni upepo na vumbi, asubuhi kuna wingu la kukudanganya na saa tano limeisha. Mimi nilipanda hapo katikati. Nilichukua kiangazi cha watu wa mbali nikakipandikiza kwa ukame wetu kwa sababu vyote viwili vinaitwa Julai.

Na hizo video za nje huwa na maelezo mengi sana juu ya adui asiyekuwepo huku. Subiri barafu ya mwisho iyeyuke. Anzisha miche ndani ya nyumba karibu na hita. Sawa. Sasa niambie nifanye nini na ndovu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti hii, na kule Sagalla watu wamelala macho wakilinda mahindi miaka mingi. Wakulima wa huko, pamoja na watafiti wa Save the Elephants, wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba, kwa sababu ndovu, na ukubwa wake wote, anaogopa nyuki. Mkulima analinda shamba na kuvuna asali hapo hapo. Hiyo ndiyo kontenti ya bustani! Mbona hatuipigi?

Narudi kwa magunia yangu yaliyokufa. Niliyaacha pale pale nyuma ya nyumba. Novemba 2023 ikaja El Niño, mnakumbuka mlivyokuwa mnaposti barabara zimegeuka mito. Ilinyesha mpaka tukachoka. Siku moja natoka nje naona magunia yangu yamejaa majani ambayo sikuyapanda. Mchicha. Mnavu. Mgagani, ule wenzetu wa bara huita saget. Mbegu zilikuwa zimekuja na samadi ya mbuzi, zikalala humo miezi minne zikinisubiri niache ujinga. Mimi nikaona magugu. Nikayang'oa yote, nikayatupa rundo kando ya ukuta, nipate nafasi ya kupanda sukuma tena.

Nyanya alikuwa amekuja kwetu kuona daktari wa macho. Nyanya wangu huyu hakuona ile herufi kubwa ya kwanza kwa ubao wa daktari, lakini aliona lile rundo kutoka mlangoni. Akaenda akainama, akaanza kuchambua, jani moja moja, bila kusema kitu. Jioni akapika mnavu kwa kitunguu na tui la nazi, na mgagani akauchemsha kando ndio uchungu upungue. Tulipokuwa tunakula ndio akaniuliza, "Mjukuu, hii uliyotupa, ulikuwa unapanda nini mahali pake?" Nikasema sukuma. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa mbali.

Hapa ndipo hasira yangu iko, na si kwa wazungu wa YouTube, wao wanaonyesha bustani zao. Ni kwetu. Tumekubali kwamba chakula cha afya kina sura fulani: ni kijani hafifu, kiko kwa bakuli la mbao, na jina lake ni gumu. Mnavu ni wa ushago. Kunde ni ya mwisho wa mwezi. Nilisoma na watu waliokuwa wanaficha chakula chao wakileta kimanga shuleni, na sasa watu hao hao wananunua unga wa mlonge kwa kikopo kidogo bei ya kutisha kwa sababu kikopo kimeandikwa "moringa" na kuna picha ya mwanamke akifanya yoga. Mlonge, ule mti nyuma ya choo cha jirani!

Na sayansi haiko upande wa bakuli. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia miongo yake ya kazi kuchunguza mboga hizi ambazo wengine walizihesabu kama magugu. Mchicha, mnavu, mgagani na majani ya kunde yana chuma, kalisi na vitamini A kuliko kabeji, na si kwa tofauti ndogo. Sukuma sina ubaya nayo, ni mboga nzuri, imelea nusu ya nchi hii. Lakini inataka maji, na hatuna. Kunde ukiidondosha mvua ya kwanza ya Novemba, wiki ya nne unachuma majani, miezi miwili na kidogo una maharagwe yake, na udongo unaachiwa naitrojeni. Mvua ikikatika mapema, sukuma inakufa na kunde bado inakupa kitu. Kisha yale majani ya ziada unayachovya kwa maji moto, unayaanika kivulini, unayaweka kwa mkebe, na Julai, ile Julai yangu ya ujinga, unakula mboga bila kununua mtungi hata mmoja. Nyanya anafanya hivyo tangu kabla mamangu hajazaliwa. Hakuna aliyemwita mshawishi wa lishe.

Najua mtakachoandika kwa maoni, kwa hivyo nijibu mapema.

Kuna wa dripu na kisima. Kaka, visima vingi vya huku chini vina chumvi, muulize yeyote aliyechimba. Na kama maji ndiyo suluhisho, tuongee juu ya maji kama watu wazima. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo West, ndani ya kaunti hii. Bomba lililojengwa miaka ya 1950 linabeba maji yake hadi Mombasa, linapita kwetu, nasi tunapata mgao wetu, ambao mnaujua ulivyo. Viongozi wa hapa wamelilia fungu letu la Mzima miaka nenda miaka rudi. Video inayosema "ni uvivu wako" inamfanya mtu ajiangalie yeye, asiulize mfereji. Ndio maana haimuudhi mkubwa yeyote.

Kuna watakaosema najifanya nyanya ni malaika na zamani kulikuwa kuzuri. Hapana. Kalenda yake pia imepigwa. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosa msimu baada ya msimu, alipanda akapoteza kama kila mtu. El Niño ikaja ikabeba nusu ya shamba lake na udongo wake wa juu. Vuli ya 2025 kwetu ilinyesha kwa uchoyo, kunde zikatoa majani lakini maganda yalihesabika. Tofauti ni kwamba yeye hupanda vitu vitano tofauti, mbaazi, kunde, pojo, muhogo na maboga, akijua viwili vitamsaliti. Na siku hizi ananiuliza mimi watu wa hali ya hewa wamesemaje, kwa sababu utabiri wa msimu hutoka kabla ya Oktoba na hata kaunti hupewa wake. Hiyo nimewahi kuiposti mara moja. Ilipata laiki arobaini na moja, na nne ni za binamu zangu.

Halafu mbegu. Nyanya ana chupa za soda zilizojaa mbegu na jivu, kila moja na kitambaa chake shingoni. Sheria yetu ya mbegu ilivyobadilishwa 2012, kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa kungeweza kukupeleka ndani miaka miwili au kukutoza hadi milioni moja. Yaani nyanya na chupa zake za Fanta. Wakulima kumi na watano walienda mahakamani 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu kule Machakos ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Nani kati yetu wa bustani alitoa hata video ya sekunde thelathini? Mimi sikutoa. Siku hiyo niliposti stroberi.

Yule dada wa Maungu. Ilinichukua zaidi ya mwaka kumwandikia ukweli, kwamba yangu yalikufa kabla ya yake na nilimdanganya. Alikaa siku mbili bila kujibu. Halafu akaandika, "Nilijua. Uliacha kuonyesha nyuma ya nyumba." Nikamuuliza mama anaendeleaje. Akasema anameza vidonge vya kliniki, yuko afadhali. Nikampelekea mwenyewe chupa mbili, kunde na mchicha, nikashuka na matatu hadi Maungu Oktoba iliyopita. Nilimwambia pia nilichoambiwa na nesi mmoja: mboga isichukue nafasi ya vidonge, kamulia ndimu au kata nyanya ndani yake, weka mafuta au tui, na chai iwe mbali na chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Elfu moja mia nane nilimrudishia kwa awamu tatu. Alicheka kwa ile ya mwisho, akasema hii sasa ndiyo dripu.

Kunde zake zilitoa majani ya kutosha mboga ya siku tatu kwa wiki mpaka Januari. Mchicha uliliwa na kuku wa jirani.

Ile video yangu ya Julai bado iko. Mtu mmoja aliniambia niifute, lakini nimeiacha nikaibandika maandishi mekundu juu: "Yalikufa yote tarehe za kati za Agosti. Hii ni Voi." Mafolowa mia mbili wameondoka. Mwenzangu mmoja wa bustani, sitamtaja, amenitumia ujumbe kwamba naharibu soko.

Basi wewe mwenzangu, video yako ijayo nataka vitu vitatu kabla hujaniita mvivu: uko wapi hasa, ni mwezi gani, na maji yametoka wapi. Na ukifika mwezi wa nane, tupeleke tena nyuma ya nyumba.